Mapacha njiti wanahitaji vifua viwili, baba asiachwe getini

Mhariri,

Kila mwaka ikikaribia Novemba 17, siku ya njiti duniani, naona magazeti yanaweka habari za watoto njiti, hawa wanaozaliwa kabla ya wakati, watu wamevaa zambarau, kuna mashine imekabidhiwa hospitali fulani, kuna picha ya mama kambeba mtoto kifuani kitenge kimefungwa vizuri anacheka. Sina neno na hizo habari, ziendelee, hizo mashine zinaokoa watu na wangu wamezitumia. Ila kwenye hizo picha baba huwa simuoni, na sio kwamba mpiga picha kamkata, baba hayupo kwa sababu yupo nje anambembeleza mlinzi. Naomba nafasi nimuongelee huyo.

Mi ni dereva wa bajaji hapa Mwanza, mke wangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, kwa huku kwetu hayo majina hayana mjadala hata usome mpaka wapi. Walizaliwa mimba ina miezi saba na siku kidogo, mama presha ilimpanda ghafla wakasema hapa hakuna kusubiri, akapelekwa oparesheni. Kulwa gramu 1,350, Doto gramu 1,120. Kama hujawahi kuona mtu wa gramu 1,120 chukua pakti ya sukari ya kilo moja uishike mkononi, ongeza kidogo tu, ndo huyo, ana kucha, ana nywele, ana hasira zake kabisa.

Bahati tuliyopata ni kwamba kabla ya oparesheni walimchoma mke wangu zile sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Hilo nalisema kwa sababu kuna akina mama wanafika hospitali wamechelewa sana, uchungu umeshaanza tangu jana wanaambiwa na mashangazi wavumilie ni maumivu ya kawaida, hizo sindano hazipati mda wa kufanya kazi. Mimba ya mapacha haitakiwi kuvumiliwa hivo. Mapacha wako kwenye hatari ya kuja kabla ya wiki 37 kuliko mtoto wa peke yake, manesi wa kliniki walituambia hilo mapema na ndo maana mke wangu alivyoona macho yanamuwakawaka na kichwa kinagonga hakusubiri mtu.

Sasa maisha ya kule ndani. Mtu wa nje akisikia "watoto wapo kwenye chupa", yaani ile mashine ya joto, anadhani kazi imeisha, chupa inawalea, wazazi wanasubiri kuja kuwachukua. Haiko hivo hata kidogo. Siku za mwanzo ni oksijeni, ni ile mashine inapulizia hewa puani na mapovu yanachemka kwenye chupa ya maji pembeni, ni taa ya bluu ya kutibu ugonjwa wa manjano macho yamefunikwa, ni mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni. Kila baada ya masaa mawili au matatu mama anatakiwa kukamua maziwa, usiku na mchana, maziwa yanapimwa kwa sirinji, mils tatu, mils tano, siku ukisikia mils kumi unataka kupiga vigelegele. Na mapacha ni kukamua kwa ajili ya wawili. Asubuhi wanapimwa uzito, na hapo wodi nzima inakuwa kama watu wanasubiri matokeo ya mtihani, kapanda gramu ishirini, kashuka kumi na tano, mwenye kapanda anaficha furaha kwa sababu kitanda cha pembeni mwenzake analia. Wanaanza kwa kushuka hao watoto, siku za kwanza karibu wote wanashuka, hakuna aliyekuwa ametuambia hilo na mke wangu alijua Doto anaondoka.

Afu kuna hili jambo la kusahau kupumua. Njiti ubongo wake bado haujakomaa vizuri, anapumua anapumua afu ghafla kimya, rangi inabadilika, nesi anakuja anamgusa mgongo au unyayo anakumbuka anaendelea. Kuna dawa wanapewa ya kusaidia. Doto alikuwa bingwa wa huo mchezo. Mke wangu hakuwa analala, anakaa anaangalia kifua chake kama kinapanda, na kidonda cha oparesheni bado kibichi, na miguu imejaa maji.

Wakishatulia kidogo ndo inaanza kangaroo. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa, anafungwa na kitenge asiteleze, basi mama anakuwa ndo mashine ya joto. Watu wanadhani hii ni njia ya kimaskini, eti wenye hela wanawekwa kwenye chupa sisi tunapewa kitenge. Ni kweli ilianza kwa shida, kule Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi imejaa, watoto wanachangia mashine moja wanaambukizana, akaamua awape mama zao wawabebe. Lakini leo dunia nzima inafanya hivo, hata nchi zenye mashine mpaka za kutupa. Na sisi Tanzania tumo kabisa kwenye huo ushahidi. Kuna utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulitoka 2021, ulifanyika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, watoto zaidi ya 3,200 wenye kilo moja mpaka kilo moja na gramu 800. Kundi moja walianza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri mtoto atulie, kundi lingine wakasubiri kama ilivyozoeleka. Kwenye kila watoto 100 wale wa kuanza mapema walifariki 12 ndani ya siku 28, wale wa kusubiri karibu 16. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya mda wake, ikaonekana sio haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka uliofuata, 2022, Shirika likatoa mwongozo kwamba njiti abebwe kuanzia masaa nane mpaka 24 kwa siku.

Hapo kwenye masaa ndo penye barua yangu. Kwenye ule utafiti wale watoto wa kundi la kwanza walikuwa wanabebwa kama masaa 17 kwa siku wakiwa bado wodi ya wagonjwa mahututi. Kumi na saba! Na haikuwa mama peke yake, aliruhusiwa kuchagua ndugu wa kumpokea, kwa sababu mtu mmoja hawezi. Hao wengi ni watoto wa mmojammoja. Sasa mwenye wawili?

Najua kuna mtu atasema mapacha wanabebwa wote wawili kwa pamoja, ni kweli, manesi walimfunga mke wangu hivo, Kulwa kushoto Doto kulia, inawezekana na inapendeza kuangalia. Ila yule mwanamke anakojoa saa ngapi? Anakula saa ngapi? Anakamua vipi na watu wawili wamefungwa kifuani? Ana kidonda tumboni, akikaa mda mrefu mgongo unawaka, akilala chali kuna watoto juu, kuamka peke yake hawezi mpaka nesi aje na nesi mmoja ana watoto wangapi usiku ule, sitaki hata kuandika. Kwa hiyo inayotokea kihalisia ni kwamba mmoja anabebwa, mwingine analazwa pembeni kafunikwa blanketi, afu wanabadilishana. Mtoto wa pili siku zote yuko kwenye foleni. Na foleni hiyo kwetu alikaa sana Doto, kwa sababu Kulwa ndo alitulia mapema akaanza kubebwa mapema.

Na mda wote huo mimi nina kifua, kizima, kina joto, hakina kazi, kiko nje ya geti.

Mda wa kuona wagonjwa pale tulipokuwa ni saa sita mchana mpaka saa nane, na jioni saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Wodi ya watoto wachanga baba anaingia dakika chache, anachungulia, anatoka. Nakuja na hotpoti ya ugali na samaki na uji kwenye chupa ya chai, nakabidhi, naambiwa maendeleo, naondoka kupiga kazi kwa sababu tajiri wa bajaji anataka hesabu yake kila siku jioni, yeye hana habari ya njiti. Usiku ndo nina nafasi. Usiku ndo mke wangu anahitaji mtu. Usiku ndo geti limefungwa.

Nilikuja kuingia kwa mlango wa shida. Mke wangu alipata homa, kidonda kikaanza kutoa usaha, akahamishiwa wodi nyingine kutibiwa, watoto wakabaki. Sista aliyekuwa zamu usiku ule, mama mtu mzima, akaja mpaka getini akaniita, akaniuliza baba Kulwa una kikohozi, nikasema sina, una vidonda kifuani, sina, unavuta sigara, nikasema sivuti, akasema nenda kaoge bafuni kule, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, kata kucha, njoo. Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki akanivua shati akaniwekea Doto. Mhariri sitaki kuandika mashairi hapa. Nilichoona ni kwamba mtoto alikuwa wa baridi mikononi na miguuni na baada ya mda akawa wa moto, sista akampima kipimajoto akasema umeona. Na kile kisirani chake cha kusahau kupumua kikapungua, sista akasema kifua chako kinapanda na kushuka kinamkumbusha. Akasema pia usiku umeme ukikatika watu wanakimbizana mpaka jenereta iwake, ila wewe hukatiki.

Nikabeba usiku ule, na uliofuata, mpaka nikawa fundi. Najua kumgeuza kichwa shingo isijikunje, najua kufunga kitenge mwenyewe, najua kumlisha kwa mpira wake akiwa palepale kifuani, sirinji juu kidogo maziwa yashuke yenyewe bila kusukuma. Mke wangu alivyorudi wodini akanikuta nimekaa na Doto akacheka mpaka akashika kidonda. Siku hizo chache tulizobeba wawili, yeye Kulwa mimi Doto, alianza kulala, masaa matatu manne mfululizo, na maziwa yakaongezeka, alikuwa anakamua nusu kikombe cha kupimia sasa anajaza. Wote wawili wakawa wanapanda gramu.

Afu zamu ikabadilika.

Nesi mwingine kaingia kanikuta kifua wazi wodini akapiga kelele huyu mwanaume anafanya nini humu. Nikajieleza, nikamtaja sista, akasema sista ni sista na mimi ni mimi, baba toka. Sikugombana, na wala simlaumu sana yule dada, alikuwa anafata anachokijua. Kuna wiki ikawa hivo, zamu hii ingia, zamu hii toka, nikawa nampigia mke wangu simu jioni sio kumuuliza watoto wanaendeleaje, namuuliza leo nani yuko zamu. Joto la mwanangu linategemea ratiba ya manesi. Nikauliza kama kuna sheria inakataza, hakuna aliyenionyesha. Kama kuna inayoruhusu, hakuna aliyenionyesha pia. Kila mtu anaamua kivyake.

Kwa upande wa serikali kuna kitu kimefanyika na kinatakiwa kusifiwa. Mei Mosi 2024 pale Arusha Makamu wa Rais wa wakati ule, Philip Mpango, alitangaza kwa niaba ya Rais Samia kwamba mfanyakazi akijifungua njiti ule mda mpaka mimba ingetimiza wiki 40 uongezwe kwenye likizo yake ya uzazi, na baba wa njiti apewe siku 7 badala ya 3, na 2025 sheria ya kazi ikarekebishwa. Kabla ya hapo mama alikuwa na siku zake 84, au 100 kama kazaa zaidi ya mmoja, zinaanza kuhesabika mtoto bado yuko kwenye mashine, zikiisha mtoto ndo kwanza ana wiki chache nyumbani. Waliopigania hilo miaka yote, akina Doris Mollel na taasisi yake, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti na pacha wake, wamefanya kazi kubwa kweli.

Ila angalia ilivyokuwa kwa jirani yetu wa kitanda, mwalimu, na yeye mapacha. Yeye likizo ipo, ameongezewa, mshahara unaingia. Mume wake kaajiriwa kampuni, kapewa zile siku saba kwa mujibu wa sheria mpya, kaja nazo kwa furaha zote. Kazitumia wapi? Kazitumia na mimi kwenye benchi la nje pale chini ya mti, tunapiga stori za Simba na Yanga tunasubiri saa kumi. Sheria imempa siku saba, geti limempa masaa manne na dakika zake chache za wodini. Sasa hizo siku zilikuwa za kufanyia nini? Za kufata hati ya kuzaliwa? Mtu anapewa ruhusa kazini ili awe na mtoto afu anafika kwa mtoto anaambiwa subiri kule.

Na sisi ambao hatujaajiriwa, ambao ndo wengi, hakuna likizo itakayotufikia, hilo tunajua na tumezoea. Mama wa dagaa akiacha meza yake wiki mbili kuna mtu kashaiweka mali. Bajaji ukiikosa siku tatu tajiri anampa kijana mwingine, nilinusurika kwa kumpa mdogo wangu aendeshe mchana kutwa mimi nachukua jioni, hesabu ikapatikana kwa tabu. Kwa hiyo simuombi mtu hela kwenye barua hii. Naomba kitu ambacho hakina gharama, mlango.

Ombi lenyewe ni hili. Mama akijifungua mapacha njiti, palepale anapoandikishwa wodi ya watoto wachanga aulizwe, mbebaji wa pili ni nani. Anataja jina. Anaweza kuwa baba, anaweza kuwa bibi, dada yake, mama mkwe kama wanaelewana. Huyo mtu anapimwa, anauliziwa kikohozi, TB, magonjwa ya ngozi, anafundishwa kunawa na kubeba, anapewa kakadi kenye jina lake na mhuri. Hako kakadi kanaheshimika getini saa yoyote na zamu yoyote. Basi. Karatasi ngumu na mhuri ambao upo tayari mezani. Wakiona mzigo ni mkubwa waanze na mapacha tu, na watatu, kwa sababu wa kwao hesabu inagoma wazi, baadae wafikirie wenye mmoja ambao mama zao wanaumwa au wamefariki. Maana wapo pia, Mhariri. Kuna baba mmoja mtu wa Sengerema mke wake alifariki kwenye kujifungua, mtoto akabaki, na yeye anachungulia dirishani kama sisi tu, mtoto anabebwa na akina mama wa wodini kwa kupokezana wakipata nafasi. Wale akina mama Mungu awalipe. Lakini baba yupo!

Najua pingamizi, nimezisikia zote pale kwenye benchi na nyingine nimeambiwa usoni. La kwanza ni faragha, na hili ni la kweli, wodi ile akina mama wako vifua wazi, wanakamua, wengine wana nguo za hospitali hazifungi, hakuna mwanamke anataka dume la watu limekaa pembeni linaangalia. Hata mke wangu asingependa. Dawa yake ni pazia. Kila kitanda kikipata pazia, au kona moja ya wodi ikazungushiwa mapazia ikawekwa viti vya kuegemea viwili vitatu, mbebaji mwanaume anakaa humo anaelekezwa ukutani, mtoto analetewa na nesi au na mama yake. Usiku ule wa kwanza sista alinizungushia shuka mbili za wodini kwenye stendi za dripu, hatukumuona mtu wala mtu hakutuona. Hospitali nyingine majengo ni ya zamani na wodi imebanana kweli, hapo sina ubishi, kona yenyewe hakuna. Wahisani wanaoleta mashine Novemba naomba mwakani mmoja wao alete mapazia na viti. Picha haitapendeza sana lakini akina mama watashukuru hata wasio na mapacha.

La pili ni maambukizi. Baba anatoka barabarani na vumbi na abiria. Sawa, ila mimi nilioga na sabuni nikanawa mpaka viwiko, na yule ndugu anayeingia saa kumi jioni kuja kusalimia kapiga chafya getini hajaulizwa kitu. Mtu mmoja anayejulikana, aliyefundishwa, anayerudi kila siku, ana hatari ndogo kuliko wageni kumi wa dakika tano tano. Mimi nafikiri ingekuwa bora hata hao wa kusalimia wapunguzwe nafasi yao ipewe mbebaji.

La tatu halisemwi sana na wakubwa ila ndo kubwa kuliko yote, ni sisi wenyewe wanaume. Kule kijiweni walivyosikia nabeba mtoto kifuani walinipa jina, Kangaroo, mpaka leo ukifika kituoni ukasema namtafuta Kangaroo wanakuonyesha bajaji yangu. Mzee mmoja alinishika bega akaniambia kijana umerogwa. Mama yangu mzazi naye alitoka kijijini akanikuta nimefunga kitenge cha mke wangu kifuani akashika mdomo, akakaa chini, kimya, baadae akaniambia wakati wao mapacha walikuwa na mambo yao ya mila ya kufanyiwa lakini hii ya baba kubeba hajawahi kuiona. Siku ya tatu akaomba na yeye afundishwe. Kwa hiyo watu wanabadilika wakiona, wasipoona watabadilikaje, na wataona vipi kama hairuhusiwi.

Kuna kitu kingine nataka kusema kwa akina baba wenyewe kabla sijamaliza, kwa sababu kuna wenzangu wanafurahia lile geti. Linawapa kisingizio. Anafika saa kumi, anaacha matunda, anasema hawaturuhusu bwana, anaondoka kwenda kuangalia mpira. Nawajua, nimekaa nao. Wakitangaza kesho kakadi kapo wataanza kutafuta kikohozi. Mke wa mtu yuko ndani wiki na wiki, halali, maziwa yanakauka kwa mawazo, mwenzake kitanda cha tatu mtoto amefariki usiku na asubuhi kitanda kimeshatandikwa kapangwa mwingine, anaona vyote hivyo peke yake afu baba anauliza kwenye simu lini mnatoka. Watatoka wakiongezeka uzito, na wewe kifua chako kinaongeza uzito, kwa hiyo jibu liko kwako. Kama hospitali uliyopo wanakataa omba vizuri, muulize nesi mkuu wa wodi sio mlinzi, nenda mchana ukiwa umeoga, na uende na mke wako akuombee, akiomba mama inasikilizwa zaidi. Wengine wanaruhusu, hujui mpaka uulize.

Na ukiruhusiwa mara ya kwanza usivae shati la kuvaa kwa kichwa, vaa la vifungo. Usipake mafuta yenye harufu kali wala pafyumu. Simu izime kabisa, sio sailenti, nilishuhudia jamaa simu imetetemeka mfukoni mtoto karuka mpaka mashine ikalia. Kojoa kwanza. Na usimuangalie mtoto mda wote ukihesabu pumzi utachanganyikiwa, acha kichwa kiegemee, sikiliza.

Wangu wametoka. Tulivyotoka Kulwa alikuwa kapita kilo mbili na Doto alikuwa anaitafuta, wakasema ananyonya vizuri na anapanda kila siku aende aendelee kubebwa nyumbani, na nyumbani hakuna zamu, tulibeba mpaka alivyoanza mwenyewe kukataa kwa kurusha mateke. Tunarudi kliniki kuangaliwa macho, kwa sababu njiti waliokaa kwenye oksijeni macho yao yanatakiwa kupimwa mapema, hilo nalo wengi hawaambiwi au wanaambiwa siku ya kuruhusiwa wakiwa wamechanganyikiwa na furaha hawasikii. Wenye njiti wa hivi karibuni ulizeni. Na waliokuwa wananiuliza kijiweni Shija anakuja lini, yule anayefata baada ya mapacha, Shija atasubiri sana.

Nimeandika ndefu, Mhariri, nimeandikia kwenye simu nikiwa nasubiri abiria kwa hiyo naomba radhi kwa herufi. Kama nafasi haitoshi kata ile sehemu ya kijiweni, kata na ya mama yangu hatajali, ila ya kakadi na mhuri naomba iache kama ilivyo, na kama kuna mganga mkuu wa mkoa au wilaya anasoma ukurasa huu na hospitali yake kakadi kapo tayari, basi atuandikie hapa hapa kanafanyaje kazi ili wengine wakaige.

Baba Kulwa,
Mwanza